Je, wajua barafu ya Yazd ilitoka wapi kabla ya umeme?

Yazd ni mji wa kale katikati ya Iran, umejengwa kwa matofali ya udongo kwenye jangwa lililo mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 60, kiasi ambacho Dar es Salaam hukipata kwa siku moja ya masika yaliyokolea. Julai joto hupita nyuzi 40. UNESCO iliuingiza mji huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017, na wageni huufuata kwa ajili ya vichochoro vyake, Msikiti wa Jameh na hekalu la moto la Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Iran. Ila kuna jambo moja linalostahili safari peke yake: kwa karne nyingi, watu wa huko walikunywa sharbati yenye barafu katikati ya kiangazi.

Ukiuliza barafu hiyo ilitoka wapi, jibu utakalolipata haraka ni picha ya kuba kubwa la udongo lililochongoka juu, pamoja na maelezo kwamba Waajemi walikuwa na friji isiyotumia umeme iliyogandisha maji wakati wa joto kali. Jibu hilo limesambaa mno, na karibu kila kipande chake kina kasoro. Kuba, ambalo Waajemi huliita yakhchal, halikugandisha hata tone. Lilikuwa ghala. Barafu yenyewe iligandishwa nje, mahali pa wazi, katika usiku wa baridi wa Desemba hadi Februari, ikatunzwa chini ya kuba mpaka joto liingie.

Kosa jingine linatokana na minara ya kunasa upepo, badgir, ambayo ndiyo alama ya Yazd. Mmoja wao, ule wa Bustani ya Dowlatabad, una urefu wa zaidi ya mita 33. Kwa kuwa inapendeza kwenye picha, wengi huiunganisha na barafu, wakasema upepo wake ndio uliogandisha maji. Minara hiyo ilipoza vyumba na kupitisha hewa juu ya matangi ya maji yaliyochimbwa ardhini. Tangi la Shesh Badgir lina minara sita. Kuupeleka upepo wa Julai kwenye ghala la barafu kungekuwa kuiyeyusha kwa makusudi, na kuba mashuhuri la Meybod, karibu na Yazd, halina mnara hata mmoja. Mwaka wa 400 KK unaotajwa kila mahali kuwa ndio mwanzo wa ufundi huu nao uchukuliwe kwa tahadhari, kwani makuba yanayoonekana leo mengi ni ya zama za Wasafavi na Wakajari, nasaba zilizotawala Iran, yaani karne ya 16 hadi ya 19.

Sasa, barafu iligandaje? Hapa ndipo uhondo ulipo.

Kaa karibu na jiko la mkaa usiku wa baridi. Uso wako unapata moto ingawa hewa iliyo kati yako na jiko ni baridi, kwa sababu joto linakufikia kwa mionzi, si kwa kupitia hewa hiyo. Mtu akikatiza katikati, uso unapoa papo hapo. Akiondoka, joto linarudi. Mionzi hiyo haitoki kwenye makaa tu. Kila kitu chenye joto huitoa, hata maji ya nyuzi tano. Kwa hiyo bwawa dogo lililo wazi usiku hutuma joto lake juu muda wote. Kinachoamua kama litaganda ni kiasi cha joto linalorudishiwa. Mawingu hurudisha mengi. Mvuke wa maji ulio hewani, hata usioonekana, nao hurudisha sehemu kubwa, na ndiyo maana usiku wa Mombasa au Tanga haupoi sana. Anga ya jangwa haina wingu wala mvuke mwingi. Bwawa linatoa na kurudishiwa kidogo, linatoa tena, mpaka uso wa maji unakuwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake, na unaweza kuganda hata kama hewa bado iko nyuzi kadhaa juu ya sifuri.

Wakulima wa chai wa Kericho na Limuru wanaijua hali hii kwa uchungu. Usiku mkavu wenye nyota nyingi ndio unaoleta jalidi, na asubuhi majani yamekuwa kama yaliyopitiwa na moto.

Mwaka 1775 Robert Barker, Mwingereza aliyewahi kuishi India, alieleza jinsi watu wa Allahabad walivyopata barafu kwa maji yaliyowekwa kwenye visahani vya udongo juu ya mabua. Wengi walidhani ni kuvukiza tu kwa maji kulikoondoa joto. Mwaka 1814 daktari William Charles Wells wa London akachapisha kazi yake kuhusu umande, akiwa amepima na kuona kwamba katika usiku usio na mawingu nyasi huwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Joto lilikuwa linakwenda angani.

Hata hivyo anga haikufanya yote. Yazd ni nyanda za juu, na Januari hewa yenyewe mara nyingi hushuka chini ya sifuri usiku. Kuvukiza nako kulisaidia kidogo. Anga safi iliongeza idadi ya usiku wa kufaa kugandisha, ule ambao ubaridi wa hewa pekee usingetosha.

Mafundi waliyajenga maarifa haya ukutani. Bwawa lilikuwa na kina kifupi, na upande wake wa kusini ulisimama ukuta mrefu ulionyooka kutoka mashariki hadi magharibi. Jua la majira ya baridi hupita kusini, hivyo bwawa lilishinda kivulini. Maji yalitoka kwenye qanat, mifereji ya chini ya ardhi inayoanzia miinuko ya milimani, yakamwagwa tabaka jembamba baada ya jingine. Alfajiri barafu ilikatwa na kushushwa shimoni, na nyasi kavu zikatandazwa kati ya matabaka.

Kuidumisha hadi Julai kulitegemea mambo ya kawaida yaliyofanywa vizuri. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto linalokaribia la kupasha kilo hiyohiyo ya maji kutoka nyuzi sifuri hadi 80, kwa hiyo barafu ni sugu kuliko inavyoonekana. Rundo likiwa refu, pana na nene maradufu, uzito huwa mara nane lakini uso wa kupokea joto huwa mara nne tu. Ndiyo sababu shimo lilikuwa kubwa mno. Kuta za kuba zilikuwa nene hasa chini, tundu la kileleni lilitoa hewa ya moto, na mfereji wa chini uliondoa maji yaliyoyeyuka yasiloweshe barafu iliyobaki.

Meybod iko kilomita zipatazo 50 kaskazini-magharibi mwa Yazd. Nenda majira ya baridi, ufike saa sita mchana, uone kivuli cha ukuta kilipoangukia kabla hujaingia shimoni. Msafarakhana wa Shah Abbas, nyumba ya kale ya kulaza misafara, uko hapohapo karibu, na ngome ya Narin na mnara wa njiwa viko mjini humo. Kabla ya kuondoka Yazd pitia Jumba la Makumbusho ya Maji, maana bila qanat bwawa lingekuwa kavu. Ukiwa na siku ya ziada, Abarkuh upande wa kusini-magharibi ina kuba jingine, lenye vidato-vidato kwa nje, ambalo ni zuri kulinganisha na la Meybod.