Unataka kuingia trekidei? Anza na macho, hiyo cc 600 itasubiri

Haipiti wiki bila mtu kunipigia simu kuhusu trekidei, yaani siku ya kukimbiza pikipiki kwenye sakiti, uwanja wa mbio: kaka nimenunua mashine ya cc 600 sasa niipeleke wapi nikaifungue kidogo? Na mimi huwa namjibu swali kwa swali: ukiwa kwenye jam pale Wandegeya, Kampala, unaangalia wapi? Wengi wanacheka tu. Wa juzi akaniambia, "naangalia bampa ya taksi iliyo mbele yangu, kwani kuna kitu kingine cha kuangalia?" Basi hapo hapo ndo penye shida.

Mimi nafundisha pikipiki hapa Kampala, mwaka wa tisa huu, na wanafunzi wangu wengi sio wageni wa barabara, wana permiti ya klasi A mfukoni na miaka kumi ya kukimbizana na boda, alafu siku ya kwanza nawarudisha kwenye koni za plastiki kama watoto. Wananuna kidogo. Lakini yaani Kampala imewafundisha ujanja mwingi sana, kupenya, kubalansi bila kushusha mguu, hata kumjua boda anayetaka kukata kushoto kabla mwenyewe hajaamua, ila imewazoesha pia macho yakae mita tatu mbele ya tairi. Ukiwa unatembea 20 hakuna neno. Ukifika 100 kwa saa unameza karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo hizo mita tatu zako zilishapita kabla ubongo haujazipokea.

Na pikipiki inafuata macho, hii kila mtu anaijua ila hajawahi kuifikiria. Kumbuka lile shimo ulilolikodolea macho ukisema nisiingie nisiingie, ukaingia katikati kabisa. Sasa kwenye sakiti hakuna mashimo ila kuna nyasi nje ya kona, ukiziogopa unazitazama, ukizitazama umeshafika. Ndo maana zoezi langu la kwanza ni kichwa tu, unakaribia kona, kidevu kinageuka kutafuta pa kutokea, mikono inafuata yenyewe. Asubuhi nzima tunafanya hivyo kwa spidi ambayo mtu wa baiskeli anaweza kutupita.

Kitu cha pili ni breki na hapa ndo huwa nabishana na watu mpaka jua linazama. Wengi wetu tulijifunzia kwenye pikipiki za Boxer zenye breki za dramu, na tuliambiwa na wakubwa wetu usiguse ya mbele utapinduka, so mguu wa kulia ndo unafanya kazi yote. Lakini ukifunga breki uzito mwingi unakimbilia mbele, tairi la nyuma linabaki jepesi, linateleza tu, ya mbele ndo inayosimamisha pikipiki. Kinachomwangusha mtu ni kuinyakua ghafla. Unaikamua kama ndimu, kwanza polepole, uzito ukishakaa mbele unaongeza. Na hesabu yenyewe haina huruma, kwenye lami kavu na breki nzuri ukitoka 50 unahitaji kama mita 14 kusimama, ukitoka 100 sio 28, ni kama 56, spidi mara mbili umbali mara nne, na hapo sijahesabu muda wa wewe kushtuka.

Kuna na hili la kusukuma hendeli ya kushoto ili uende kushoto. Hakuna anayeniamini mpaka ajaribu mwenyewe kwenye kiwanja, ukishatoka spidi ya kutembea ndo hivyo pikipiki inavyolala.

Sasa trekidei yenyewe. Sio mashindano, hakuna kombe na sehemu nyingi hata muda wako hawaupimi. Mnagawanywa makundi, kawaida matatu, wanaoanza, wa kati na wenye kasi, kila kundi linaingia kama dakika 15 au 20 alafu linatoka lingine linaingia. Asubuhi kuna kikao, ukikikosa huingii, mnaelezwa bendera: ya njano kuna hatari mbele usimpite mtu, nyekundu session imekatwa unarudi taratibu, nyeusi ukioneshwa wewe ujue unaitwa ndani kuna jambo. Kundi la wanaoanza lina masharti makali ya kupitana, na ni kwa faida yako.

Hapa Uganda sakiti kubwa ya lami kama Kyalami ya Afrika Kusini hatuna, tuseme ukweli. Tulichonacho ni vumbi, na vumbi nalo ni mwalimu. Kuna Garuga njia ya Entebbe, pale palipofanyika Motocross of African Nations, mashindano ya mataifa ya Afrika ya pikipiki za vumbi, mwaka 2022, na Busiika huko Luweero. Kwenye udongo tairi linateleza ukiwa bado polepole, kwa hiyo mwili unajifunza kutulia bila gharama kubwa. Nenda siku ya mashindano uangalie watoto wa cc 50, amefunga kinga ya shingo, kifua, magoti, kila kitu, alafu baba yake kaja kwa boda na kandambili, helmeti hana!

Ukitaka lami, wengi tunaenda Afrika Kusini, kuna Kyalami na Red Star upande wa Johannesburg, Killarney iko Cape Town, na pikipiki unaweza kukodi huko huko. Kwa shule, mfumo ninaoupenda ni wa Keith Code, alianzisha California Superbike School kule Marekani mwaka 1980, wanakupa jambo moja moja, na la kwanza ni eksileta, unazunguka bila breki. Unaona ni mchezo mpaka ujaribu.

Mara yangu ya kwanza huko Afrika Kusini nilijifanya najua. Nilifika na jaketi la kitambaa, wakanikatalia getini, ikabidi nikodi suti ya leza, yaani ya ngozi, iliyonibana mpaka kuinama shida. Session ya tatu nimechoka, mikono imekaza, macho yamerudi mita tatu kama niko Wandegeya, nikatembelea nyasi. Sikuanguka, lakini niliporudi ndani nilikaa chini nusu saa sitaki kuongea na mtu.

Kwa hiyo pesa ianzie kwenye mwili. Leza ya kipande kimoja, au viwili vinavyofungwa kwa zipu kiunoni, glavu zinazofunika kifundo, buti, kinga ya mgongo, helmeti yenye alama ya usalama ya ECE 22.06. Leza za mtumba sokoni Owino ukibahatika utapata, mimi ya kwangu nilinunua hapo. Helmeti ya mtumba hapana jamani, hujui iliangukia wapi. Pikipiki yenyewe unatoa saidi mira, unabandika taa plasta, unakagua pedi za breki na upepo wa tairi, basi.

Yule jamaa wa cc 600 nilimwambia aje Jumamosi saa moja asubuhi na Boxer ya kuazima. Alifika saa mbili unusu, anasema jam.