Utafiti wa barabara kwa fedha za umma: dhana ninazochoka kuzisikia

"Mradi umekamilika, sasa tupimie thamani yake." Taasisi inayotaka kuwaonyesha wapanga bajeti faida ya tafiti zake hunipokea kwa maneno hayo, na mimi huishiwa nguvu palepale.

Thamani haipimwi mwishoni. Swali langu la kwanza litakuwa hali ilikuwaje mwanzoni: ajali ngapi kwa mwaka, magari mangapi, gharama ya kuziba viraka kwa kilomita. Mara nyingi hakuna aliyeandika. Kinachobaki ni makisio, na ofisa wa hazina anayeijua kazi yake huyabomoa kwa swali moja.

Hata takwimu zikiwepo, kuna mtego. Makutano huchaguliwa kwa jaribio kwa sababu mwaka jana yaliua wengi. Mwaka mbaya kupita kiasi kwa kawaida hufuatwa na wenye nafuu hata kama hukugusa kitu, maana ajali hurudi kwenye wastani wake. Kisha naletewa chati ya kabla na baada, punguzo lote likidaiwa kuwa tunda la utafiti! Chukueni takwimu za miaka kadhaa, mlinganishe na makutano yanayofanana ambayo hayakuguswa. Na bajeti ya kupima iwemo kwenye andiko la mradi tangu siku ya kwanza. Hilo silegezi.

Wengine husema faida isipoonekana upesi basi haipo. Kati ya 1958 na 1960, karibu na Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, malori yalizungushwa juu ya vipande vya lami na zege katika jaribio la AASHO, chama cha maofisa wa barabara wa majimbo ya nchi hiyo, kwa takriban dola milioni 27. Lilionyesha kwamba uharibifu wa barabara hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli: uzito ukiwa maradufu, uharibifu hukaribia mara 16. Wahandisi wamesanifu barabara kwa hesabu hiyo kwa miongo mingi. Aliyedai faida mwaka 1962 angeambulia juzuu za ripoti tu.

Jaribio lililoshindwa nalo huitwa hasara. Lami iliyopasuka kwenye kipande cha majaribio haitamwagwa kwenye barabara kuu nzima. Fedha hizo zimeokolewa, ziandikeni.

Eti kampuni binafsi zingefanya utafiti wote? Zingefanya ule unaouzika. Kanuni ya kuwapisha waliomo ndani ya kipilefti ilianza kutumika Uingereza mwaka 1966, baada ya majaribio ya maabara ya serikali. Ankara yake angepelekewa nani?