Amitriptilini, Haldol, litiumu: uliza kabla ya kung'oa jino

Mgonjwa akifika kwa munganga wa meno hapa Bukavu, huulizwa kama ana sukari, kama presha inapanda, kama ana mimba. Dawa za akili mara nyingi zinasahauliwa, au zinaulizwa vibaya: "Wewe unakunywa dawa za kichaa?" Nani atakubali, na wengine wako kwenye benchi wanasikia? Mimi huuliza hivi: kuna kidonge unachokunywa kila usiku, cha usingizi, cha kichwa, cha kifafa, cha mgongo? Amitriptilini hutolewa pia kwa maumivu ya neva na kipandauso, na wengi wanaoinywa hawajui kwamba ni dawa ya sonona. Anayetibiwa SOSAME, kituo cha magonjwa ya akili cha hapa Bukavu, aje na karatasi zake. Aliyenunua vidonge vya kuhesabiwa aje navyo mkononi.

Kinywa chenyewe husema kabla ya mwenyewe. Kioo cha kukagulia kinanata shavuni, mate ni povu jeupe kidogo chini ya ulimi. Amitriptilini, Largactil (dawa ya kutuliza wenye ugonjwa wa akili), na Artane inayofuatana na Haldol (nayo ni dawa ya ugonjwa wa akili) ili kupunguza kukakamaa, zote hukausha mate, na mate ndiyo yanayoosha asidi na kurudishia jino madini. Yakipungua, meno huanza kuoza shingoni, pale yanapokutana na ufizi, hata yale ya mbele ya chini ambayo kwa kawaida huoza mwisho. Ukiziba jino na kuuacha ukavu vilevile, baada ya muda litaoza tena pembeni ya ulipoziba. Kinachoharibu zaidi ni bonboni na Fanta za kutuliza kiu. Badala yake: maji kidogo kidogo mchana kutwa, bazoka (ubani wa kutafuna) isiyo na sukari ikipatikana, na dawa ya meno yenye floridi ya 1,350 hadi 1,500 ppm asubuhi na usiku. Usiku ateme tu, asisukutue. Meno ya bandia yalale nje ya kinywa. Ukiona utando mweupe unaofutika na kuacha wekundu, ni kuvu: nistatini ya maji, mililita 1 mara 4 kwa siku, aishikilie kinywani kabla ya kumeza, siku 7, na aendelee siku 2 baada ya kupona.

Kwenye sindano ya ganzi, hofu ni kubwa kuliko hatari. Karpule, yaani kichupa kimoja cha ganzi, ya mililita 1.8 yenye adrenalini ya 1:100,000 ina mikrogramu 18. Kwa anayekunywa amitriptilini, dawa hiyo huongeza nguvu ya adrenalini kwenye moyo na presha, kwa hiyo nisizidishe karpule 2, nivute kwanza nione kama damu inaingia, nidunge polepole, nipime presha. Ganzi yenye noradrenalini iachwe kabisa. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, haina shida hiyo. Largactil nayo hushusha presha mtu anaposimama: inua kiti polepole, akae dakika chache miguu chini kabla ya kwenda.

Jambo moja hupotosha hata waliosoma. Kijana ameanza Haldol juzi, leo taya limekakamaa wazi, shingo imepinda, ulimi unatoka. Watu hudhani pepopunda au taya limeteguka. Usilivute. Ni misuli imekazwa na dawa. Apelekwe hospitali mara moja achomwe sindano ya biperideni, na aliyemwandikia Haldol ajulishwe. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika inaweza kuleta hali hiyohiyo.

Lakini madhara mengi, kwa maoni yangu, huanzia kwenye karatasi ya farmasi baada ya jino kutoka. Ibuprofeni na diklofenaki huzuia figo kutoa litiumu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka; inapanda kwenye damu, na mgonjwa anatetemeka, anatapika, anaharisha, anayumba kama mlevi. Metronidazoli nayo inaweza kuipandisha. Eritromisini (antibiotiki) hupandisha karbamazepini, dawa ya kifafa: kizunguzungu, kuona vitu viwiliviwili. Fluoksetini pamoja na ibuprofeni huongeza kutoka damu, na ikikutana na tramadoli inaweza kuleta jasho, mtetemeko, homa, hata degedege. Kwa hawa wote naanza na parasetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na kipimo kishuke kwa mwenye ini bovu au uzito chini ya kilo 50. Antibiotiki ni kwa usaha unaosambaa au homa, si kwa maumivu peke yake. Ikihitajika na hana mzio, amoksisilini inaelewana na dawa hizi.

Diazepamu ya kumtuliza mwenye woga nisimpe anayekunywa tayari fenobarbitali (dawa ya kifafa), tramadoli au pombe: pumzi zinaweza kukatika. Nikimpa mwingine, lazima awe na msindikizaji, na asirudi kwa moto (pikipiki) hata akiwa abiria, maana akisinzia anaanguka. Hukaa mwilini zaidi ya siku moja.

Tena, wengi huacha vidonge vyao asubuhi ya kung'olewa jino wakidhani vitagongana na ganzi. Fenobarbitali au diazepamu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege, pengine palepale kwenye kiti. Anywe dawa yake saa yake ya kawaida, ale kabla ya kuja. Kama kuna ya kubadilisha, namwandikia munganga wake kwanza, na jibu lake linabandikwa kwenye fishi (kadi) ya mgonjwa.