Je, wajua kwa nini jicho hupimwa urefu kabla ya kutolewa mtoto wa jicho?

Mwaka jana nilimsindikiza ami yangu kupimwa macho kabla ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Ami ni mshona kofia, yuko Langoni hapa Lamu, na jicho lake la kulia lilikuwa limeshakuwa jeupe kama tui. Mpimaji akamtia tone la dawa ya ganzi, akashika kitu mfano wa kalamu yenye waya, akakigusisha kwenye jicho, akatazama skrini, akarudia, akarudia tena mpaka zikafika mara kumi, alafu akahamia jicho la kushoto ambalo ni zima. Mie nikainuka kabisa kumwambia jicho bovu ni lile jingine. Akanijibu kwa upole, "Najua kaka, keti," akaendelea na kazi yake.

Kumbe jambo lote nilikuwa nimelielewa kombo. Nilidhani wanapima ami anaona kiasi gani, kama vile unavyosomeshwa herufi za ukutani ukitaka miwani, kisha wanamtafutia lenzi ya kulingana na ubovu wa macho yake. Na si mie peke yangu, hapa mtaani wengi wadhani hivyo, na wako wanaoamini kwamba mtoto wa jicho ni utando uliomea juu ya jicho na daktari huja akauparura tu ukatoka, basi mtu akaona.

Hakuna utando. Mtoto wa jicho ni lenzi yako mwenyewe, ile iliyo ndani nyuma ya mboni, imepoteza uangavu wake. Haisafishiki, inatolewa, na mahali pake inawekwa ndogo ya kutengenezwa ambayo itakaa humo maisha yako yote. Sasa ile iliyotolewa ilikuwa na kazi ya kukunja mwanga, nguvu yake kama dayopta 20 hivi (dayopta ndo kipimo cha nguvu ya lenzi), na mpya lazima ifanye kazi hiyo hiyo. Swali ni iwe ya dayopta ngapi. Hapo herufi za ukutani hazina msaada wowote, manake mgonjwa hazioni kwa sababu ya ukungu, na ukungu haukwambii chochote juu ya umbo la jicho. Chukua watu wawili ambao hata herufi kubwa ya juu kabisa hawaioni, mmoja jicho lake lina urefu wa milimita 22 na mwengine 26, yaani kutoka kioo cha mbele (konea) mpaka retina, ule ukuta wa nyuma unaopokea mwanga. Wa kwanza atahitaji lenzi ya kama dayopta 24, wa pili kama 14. Ukiwabadilishia lenzi, wote wawili wanatoka na macho safi yasiyoona vizuri.

Kama utotoni ulichoma karatasi juani kwa kioo cha kukuza utanielewa haraka. Unasogeza kioo juu, chini, mpaka lile duara la mwanga linakuwa nukta, hapo ndo karatasi inafuka moshi. Sasa fikiria kioo na karatasi vimegandishwa, hakuna cha kusogeza. Kilichobaki ni kuchagua kioo ambacho nukta yake itaangukia pale pale karatasi ilipo, na huwezi kukichagua kama hujui karatasi iko umbali gani. Karatasi ndo retina.

Daktari wa kwanza kuweka lenzi ndani ya jicho, Harold Ridley, alifanya hivyo London mwishoni mwa 1949, na mgonjwa wake alitoka na lenzi yenye nguvu kupita kiasi, akawa haoni mbali bila miwani mikali. Wazo lilikuwa sahihi, hesabu ndo haikuwa sahihi. Baadaye zikaja fomula, na moja ya zile za mwanzo iliyotumika sana, SRK ya mwaka 1980, ni fupi ajabu: unachukua namba ya aina ya lenzi, kama 118, unatoa urefu wa jicho mara 2.5, unatoa nguvu ya kioo cha mbele mara 0.9. Siku hizi kuna fomula nzuri zaidi lakini hiyo inaonyesha mambo wazi. Angalia ile 2.5. Ukikosea urefu kwa milimita moja tu, umekosea lenzi kwa dayopta 2.5, na mtu aliyekusudiwa kuona mbali anaweza kujikuta anaona safi vitu vya karibu tu.

Sasa mtu anapimaje urefu wa kitu ambacho hawezi kukifungua? Kwa mwangwi. Manahodha wa zamani wakiingia mkondoni walitupa bildi kujua kina, na boti za siku hizi zina mashine inayopiga sauti mpaka chini na kusikiliza irudi. Ile kalamu ni hiyo hiyo, ila bahari yake ina milimita 23 na nusu. Tena mashine haipimi milimita, inapima muda. Ni kama boti ya Shela, ukijua inakwenda kasi gani na imechukua dakika ngapi toka gati la Lamu, umbali umeupata. Ndani ya jicho sauti inakwenda na kurudi kwa kama sehemu 30 za milioni ya sekunde, na kasi yake haiko sawa kote, kwenye majimaji ni mita 1,532 kwa sekunde na kwenye lenzi 1,641, kwa hiyo mashine inatumia wastani wa 1,550. Huo ni wastani, jicho la mtu fulani laweza kutofautiana nao kidogo.

Shida kubwa lakini ni mkono. Weka rula juu ya hamri la moto upime unene wake, ukikandamiza kidogo tu linabonyea na unaandika unene usiokuwepo. Jicho nalo ni laini hivyo hivyo. Ncha ya kalamu ikiegemea sana, jicho linafupika kwa sehemu ya kumi ya milimita, mbili, tatu, fomula inaamini jicho ni fupi, inachagua lenzi kali zaidi, na mgonjwa anaondoka haoni mbali. Nilimwona mpimaji kwa macho yangu: zilikuja 23.41, 23.38, 23.40, alafu ikatokea 23.12 akaifuta papo hapo. Nilidhani mashine imeharibika. Kumbe alikuwa ameona mkono wake umebonyeza, manake jicho halifupiki lenyewe kwa sekunde mbili. Pengine huweka kikombe kidogo chenye maji juu ya jicho, kalamu ikae ndani ya maji isiguse kitu, na sauti inapita majini bila taabu.

Na jicho zima? Macho ya mtu mmoja kwa kawaida yanakaribiana sana urefu. Yakipishana zaidi ya milimita 0.3, mpimaji mwangalifu hakubali, anarudia yote. La kushoto la ami lilikuwa shahidi wa la kulia.

Iko pia mashine ya mwanga, ilianza kuuzwa mwaka 1999, haigusi jicho hata kidogo, unaweka kidevu, unatazama taa, na yenyewe inafuata pale unapotazama. Kwa usahihi inaishinda kalamu, wallahi ni kifaa cha kupendeza. Ila mwanga haupiti kwenye mtoto wa jicho aliyekomaa kabisa, na huku kwetu wazee wengi huja jicho limeshakuwa tui, hapo sauti ndo inayopita. Na hata urefu ukiupata sawasawa, fomula bado inakisia lenzi mpya itakaa umbali gani nyuma ya kioo baada ya kidonda kupona, na makisio hayo yanakosea kidogo mara nyingine, hivyo miwani myepesi baada ya upasuaji si dalili kwamba daktari aliharibu. Na wewe unayevaa lenzi za kubandika jichoni, mwambie mpimaji mapema, zinabadilisha umbo la kioo cha mbele na inabidi uziache kwanza.

Mwisho daktari akamuuliza ami anataka kuona mbali au karibu. Ami akatoa kofia mfukoni, ile ya kudarizi ambayo hajaimaliza tangu mwaka juzi, akaishika usawa wa kifua akasema, "Hapa mwanangu, pale sindano inapoingia." Daktari akachukua rula, akapima toka jichoni mpaka kwenye kofia, sentimita 45, akaandika lenzi ya 23 badala ya ile ya 20 na kidogo aliyopewa na fomula.