Miti ya Lubumbashi: yanayosemwa siku ya mafunzo na siku ya salongo, na ukweli wake

Mwezi wa tisa, mijakaranda ikivaa zambarau, Lubumbashi nzima inapenda miti. Wiki chache baadaye upepo wa mvua za kwanza unaangusha tawi juu ya bati la mtu, na panga linatafutwa. Fundi wa miti anafanya kazi hapo katikati, na sehemu kubwa ya kazi yake ni kufundisha: mafundi wenzake kwenye mafunzo, wenye nyumba na wanafunzi kwenye salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, au siku ya kupanda. Yafuatayo ni maneno yanayorudiwa sana siku hizo.

“Leo tumepanda miche mia tano”

Hesabu ya siku ya kupanda haifungwi jioni ile. Inafungwa mwaka unaofuata, kiangazi kikishapita, kwa kuhesabu miche iliyo hai. Na hapo tarehe ina nguvu kuliko hotuba.

Lubumbashi mvua hunyesha hasa tangu mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu. Mwezi wa tano hadi wa tisa ni ukavu mtupu. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Ni siku nzuri ya kufundisha kupogoa, kukagua miti na kunoa misumeno, lakini kupanda siku hiyo ni kujitafutia deni. Mche mdogo kwenye kiangazi unataka kama lita 10, mara mbili kwa wiki. Miche 100 ni lita 2,000 kwa wiki. Tangu 5 Juni hadi mwisho wa Oktoba ni wiki 21, yaani lita 42,000, au bidoni (madumu) 2,100 za lita 20. Nani atazibeba? Siku ya Misitu, tarehe 21 Machi, ni afadhali kidogo tu, kwa kuwa mvua iliyobaki ni ya mwezi mmoja hivi. Siku ya taifa ya mti nchini Kongo, 5 Desemba, ndiyo iliyoangukia mahali pake: ardhi imelowa, na mche una karibu miezi minne ya kusukuma mizizi kabla jua halijakaa peke yake angani.

Kosa la pili liko shimoni. Watu wanachimba kisima wakidhani wanausaidia mti. Kina cha shimo kiwe sawa na urefu wa udongo uliomo kwenye mfuko wa mche, si zaidi. Upana ndio uwe mara mbili au tatu ya mfuko. Udongo uliotifuliwa chini ya mche hushuka baadaye na kuuvuta, shingo ya shina inazikwa, gome linakaa na unyevu na kuoza. Unapomaliza kushindilia, sehemu ambapo shina linapanuka kuwa mizizi lazima ionekane juu ya ardhi. Mfuko wa plastiki unatolewa wote. Linaonekana dogo, lakini watoto wa shule huuacha kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko ikatwe kwa kisu au ifunguliwe kwa vidole. Ikiachwa itaendelea kuzunguka, na miaka mingi baadaye italinyonga shina lile lile.

Matandazo ya majani makavu yawe na unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina: acha nafasi ya kiganja. Yakirundikwa mpaka kwenye gome yanaliozesha, na kwa nchi yetu ya vichuguu yanampa mchwa njia ya kujificha. Miche ya mikaratusi ndiyo huumia zaidi kwa mchwa.

Tena si kila ardhi ya mji inapokea mche. Kaskazini-magharibi ya kiwanda cha zamani cha kuyeyusha shaba, upepo wa kusini-mashariki ulimwaga vumbi la madini kwa miongo mingi, na kuna sehemu ambapo hata majani hayaoti. Huko, shimo la kawaida ni kaburi la mche. Lijazwe udongo safi, mboji nyingi na chokaa, maana udongo wenye asidi huachia shaba iingie mizizini.

“Mti wa porini ukikatwa unachipua, basi na huu tuukate kichwa”

Hoja hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana ni ngumu kuing’oa. Anayejua kazi ya makala, yaani mkaa, ameona visiki vya miombo vikichipua upya. Lakini kisiki kinachipua karibu na ardhi, juu ya mizizi mizima, na chipukizi lake likivunjika halimwangukii mtu. Tawi la mwembe au mjakaranda lililokatwa katikati, mita sita juu ya barabara, ni jambo jingine kabisa.

Tawi la asili limefumwa na shina tangu likiwa kijiti: kila mwaka mti unaongeza tabaka la mbao juu ya maungio yale. Chipukizi linalotoka pembeni ya kidonda limeshikwa na tabaka za nje tu. Hukua haraka sana, kwa sababu mti uliopoteza majani yake unatumia akiba yote kuyarudisha. Wakati huo huo kidonda kikubwa kimeachwa wazi na kuvu inashuka nacho ndani. Baada ya miaka kadhaa una fimbo nene, nzito, zimesimama juu ya mbao iliyooza. Mwenye nyumba alilipa apunguziwe hatari, na kumbe alinunua nyingine kubwa zaidi ya baadaye. Kwa maoni yetu, fundi anayekubali kukata vichwa bila hata kubisha, hata akiwa na vifaa vya bei kali, bado hajaanza kazi.

Mti ukitakiwa kupungua urefu, tawi linakatwa pale linapozaa tawi dogo ambalo unene wake ni walau theluthi ya lile linaloondolewa. Hilo dogo ndilo linachukua uongozi. Na jumla ya majani yanayotolewa isizidi robo kwa mwaka. Mti mzee au mgonjwa, chini ya hapo.

“Papa fundi, kata mpaka usawa wa shina, halafu paka rangi”

Mteja anataka ukuta laini. Mti unataka kinyume. Pale tawi linapotoka shinani kuna uvimbe kama kola ya shati. Ndani ya kola hiyo ndimo mti unajenga kizuizi dhidi ya kuoza. Ukikata usawa wa shina umeikata kola, na kidonda kimekuwa kikubwa maradufu. Ukiacha kisiki kirefu, kinakufa, na kuvu inapata daraja la kuingilia.

Tawi zito linatolewa kwa mikato mitatu. Wa kwanza ni wa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, kina cha theluthi ya unene wa tawi. Wa pili unatoka juu, sentimita chache mbele ya wa kwanza upande wa ncha; tawi linaanguka bila kuchana gome la shina. Wa tatu unaondoa kibaki, nje kidogo ya kola. Wanaoruka mkato wa chini ndio unaowaona wameacha mjeledi wa gome ukining’inia mpaka kwenye mizizi.

Rangi, lami, oili chafu ya gari: acha. Alex Shigo, mtafiti wa Marekani aliyepasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone ndani yake, alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba mti hauponi kama ngozi. Hautengenezi upya mbao iliyojeruhiwa. Unaizungushia ukuta na kuota juu yake. Rangi haiingii kwenye kazi hiyo, mara nyingi inafungia unyevu tu, na oili inaua chembe hai za pembeni ambazo ndizo zingefunika kidonda.

“Umeme umekatika, pandeni juu ya mti haraka”

Katika yote yaliyo hapa, hili ndilo linaloua. Waya usio na umeme saa nne unaweza kuwa nao saa nne na dakika moja, bila taarifa. Jirani akiwasha jenereta iliyounganishwa vibaya, umeme unarudi kwenye waya kutoka upande ambao hukuutegemea. Mbao mbichi hupitisha umeme, na iliyolowa zaidi. Mtu, kifaa chake na tawi analolishusha vyote vikae walau mita 3 kutoka kwenye waya, ngazi ya alumini isisogee kabisa, na kama nafasi hiyo haipo, kazi inangoja mpaka SNEL, shirika la umeme la taifa, wenyewe wazime laini na kuthibitisha.

Ndugu yake ni usemi “nimepanda juu ya miembe tangu utoto”. Utotoni hukuwa na msumeno wa mashine mkononi. Fundi juu ya mti anavaa helmeti, miwani, kinga ya masikio, na suruali yenye nyuzi za ndani zinazoukaba mnyororo unapoigusa. Kamba ya kupandia ni ya milimita 11 hadi 13, iliyotengenezwa kwa ajili ya kubeba mtu. Kamba ya kufungia mizigo ya lori haihesabiki. Msumeno ukiwashwa, mwili uwe umefungwa sehemu mbili tofauti, ili ukikata kamba moja kwa bahati mbaya ya pili ibaki. Mikono miwili kwenye msumeno, daima. Chini awepo mtu anayeweza kupanda na kumshusha aliyeumia, na vifaa vyake mwenyewe tayari, si vilivyo juu na majeruhi. Aliyezimia akining’inia kwenye mkanda ana dakika chache tu. Kama huyo wa pili hayupo, hakuna kupanda.

“Nina breve (cheti cha ufundi), nimemaliza kusoma”

Shirika la kimataifa la wataalamu wa miti, ISA, lililoanzia Marekani mwaka 1924, linatoa cheti kwa mtu mwenye miaka mitatu ya kazi au mchanganyiko wa shule na kazi, baada ya mtihani. Cheti hicho kinaishi miaka mitatu. Anayetaka kukiendeleza bila kurudia mtihani lazima awe amekusanya pointi 30 za mafunzo katika kipindi hicho. Wameona kwamba kanuni za kamba, vifaa na magonjwa vinabadilika, na kwamba mkono uliosoma zamani unasahau.

Kikundi cha mafundi hapa kinaweza kufuata mantiki hiyo bila kungoja cheti cha nje. Siku moja kila miezi mitatu inatosha kuanzia. Asubuhi, kunoa minyororo: msumeno mkali hutoa vipande, butu hutoa unga, na ukiona unga ujue fundi anasukuma kwa nguvu na ndipo ncha inapomrukia usoni. Kisha breki ya mnyororo inajaribiwa kwenye kila mashine, hasa zile zilizonunuliwa kwa mkono wa pili. Baadaye, mikato mitatu kwenye matawi halisi, kila mmoja akikosolewa na wenzake. Mchana, uokoaji. Watu 12 kwa mwalimu mmoja tayari ni wengi. Wakifika 40, itakuwa hotuba tu na picha ya pamoja.

“Mashindano ya kupanda juu ya miti ni mchezo wa vijana”

Mashindano ya kimataifa ya wapanda miti yalianza mwaka 1976, na ukitazama michezo yake utaona ni kazi iliyovaa jezi. Kuna kurusha kamba nyembamba yenye kifuko kizito mpaka kwenye panda la mti. Kuna kutembea juu ya mti kituo kwa kituo na kugonga kengele kila kimoja, kwa usalama na bila kuvunja matawi. Kuna kumwokoa majeruhi, ambaye ni mdoli.

Hapa mdoli unashonwa kwa magunia na kujazwa mchanga mpaka kilo 70. Ufungwe kwenye mkanda, mita 5 juu, na waamuzi watazame kwanza kama mwokoaji amekagua mti na nyaya kabla ya kugusa kamba. Anayewahi bila kukagua anakatwa pointi, hata akishusha mdoli kwa kasi ya nyani. Watazamaji wanaolala na miembe uani mwao watajifunza hapo, bila somo, bei ya kazi salama inatoka wapi.

“Mti wenye uwazi ndani uangushwe”

Wenye nyumba huuliza hili kila mara, na jibu si moja. Mbao ya katikati ya shina kubwa imekufa tayari. Nguvu iko nje, kama bomba. Kipimo cha kuanzia ni ukuta mzima wenye unene wa theluthi ya nusu kipenyo: shina la kipenyo cha sentimita 90 lenye ukuta mzima wa sentimita 15 pande zote mara nyingi bado ni imara. Uwazi ukiwa na mlango upande mmoja, kipimo hicho hakitoshi tena. Gonga kwa nyundo ya mbao kuzunguka shina lote na uweke alama za chaki pale sauti inapobadilika. Uyoga shinani karibu na ardhi, ufa kwenye panda, au udongo ulioinuka upande mmoja ni sababu ya kumwita fundi wiki hiyo hiyo. Mti ulioinama tangu zamani na kujinyoosha kileleni hauna haraka. Ulioinama baada ya mvua ya jana, ondoa watu na magari chini yake kwanza, maswali baadaye.