Mwarobaini Hautibu Arobaini: Tunayoambiwa Kila Jumamosi Kwenye Bustani ya Dawa

Bustani yetu iko nje kidogo ya mji wa Dodoma, upande wa Veyula, kwenye kipande cha kichanga chekundu ambacho hakuna aliyekitaka hata kwa mtama. Kaya kadhaa za mtaa tunapeana zamu ya kumwagilia, na Jumamosi lango liko wazi kwa yeyote. Wengi hawaji kutafuta miche. Wanakuja na ugonjwa, na jina la jani walilolisikia kwa jirani. "Mama, nina malaria sugu, nikatie mwarobaini." Maneno ni yale yale, wasemaji tu ndio wanaobadilika.

"Mwarobaini unatibu magonjwa arobaini"

Jina ndilo linalotuponza. Mti ukishaitwa hivyo, nani atahesabu? Kwa wanaokuja kwetu, ugonjwa wa kwanza kati ya hayo arobaini huwa malaria.

Sasa tazama. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Mbu wa malaria hana mazalia mengi huku, na Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo nchini. Maana yake ni kwamba homa nyingi za hapa kwetu si malaria. Ni mafua, ni maambukizi ya njia ya mkojo, ni virusi ambavyo mwili wenyewe huvimaliza kwa siku chache. Mtu anakunywa maji machungu siku tatu, homa inaondoka, sifa anapewa mwarobaini. Kipimo cha haraka pale zahanati, tone moja la damu na dakika zisizozidi 20, kingemwambia kwamba hakuwa na malaria tangu mwanzo.

Ninayemhofia ni yule mmoja aliyekuwa nayo kweli. Malaria kali kwa mtoto mdogo haisubiri siku tatu za kuchemsha majani.

Kuna mzee mmoja, msomaji wa magazeti, ambaye hunibana hapo: "Mbona dawa mseto ya malaria yenyewe imetoka kwenye mmea?" Ni kweli, na namheshimu kwa kulijua hilo. Kiini chake kilitolewa kwenye pakanga ya Uchina, na mwanasayansi Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Lakini kiini kile kilichujwa, kikapimwa, kikaunganishwa na dawa nyingine ili kimelea kisikizoee. Ukichemsha majani nyumbani hujui umepata kiasi gani, na kiasi kisichotosha humfundisha kimelea usugu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya pakanga kwa malaria.

Jambo dogo la kuchekesha: mwarobaini na mlonge, ambao kila mtu huniambia ni "dawa za mababu zetu", asili yao ni upande wa India. Wa kwetu hasa ni mbuyu na mkwaju, na hao hakuna anayewaulizia. Wanaliwa tu.

"Cha asili hakina madhara"

Hii ndiyo inayonikosesha usingizi. Mbegu za mnyonyo ni za asili, na ndani yake mna sumu inayoweza kuua. Mnanaha unaota wenyewe kando ya banda la ng'ombe, hakuna aliyeupanda, na mtu akiula huweweseka na moyo humwenda mbio.

Hata mimea mizuri ina sehemu zake. Majani ya mlonge ni mboga, lakini mizizi na magome yake si ya kuchezea, hasa kwa mjamzito. Ute mweupe wa alovera unapakwa kwenye ngozi bila shida kwa watu wengi, ila ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda ni dawa kali ya kuharisha. Marekani iliondoa dawa za kuharisha zenye utomvu huo kwenye orodha ya zinazouzwa bila cheti mwaka 2002. Mafuta ya mbegu za mwarobaini tunayatumia bustanini kufukuza wadudu. Watoto wachanga waliowahi kunyweshwa mafuta hayo wameripotiwa kutapika, kupata degedege na wengine kufa. Kwa hiyo mtu akisema "mwarobaini", mimi huuliza: jani, gome au mafuta? Wa kunywa nani, mwenye umri gani?

Halafu kuna ukaushaji. Watu wa Chemba na Kondoa hawahitaji kuelezwa na mimi: mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua takribani watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ukungu hauchagui mahindi peke yake. Majani yaliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki yakiwa na unyevu nayo huota ukungu, hata kama mfuko umeandikwa "asilia asilimia mia". Sisi tunakausha kivulini, juu ya wavu, hadi jani livunjike kwa kidole.

"Tone la utomvu jichoni linatoa ukungu"

Hapa sina mzaha. Nchi yetu ya kati inaijua trakoma kwa muda mrefu, Kongwa hasa, ambako watafiti wamekuwa wakiifuatilia tangu miaka ya 1980. Ni bakteria, husambazwa kwa mikono, vitambaa na inzi wanaotua kwenye nyuso za watoto. Kope hujikunja ndani, zikakwaruza mboni hadi mtu akapofuka. Kinachosaidia ni antibayotiki, upasuaji wa kope zilizojikunja, kuosha uso na usafi wa mazingira. Utomvu wa mmea wowote, hata ule tunaoupanda wenyewe, unaweza kuunguza kioo cha jicho na kuingiza vijidudu vipya. Nikiombwa jani la jicho, naelekeza kituo cha afya. Bibi mmoja alininunia mwezi mzima kwa hilo. Sawa, aninunie.

"Kijiko cha mlonge kina vitamini C kuliko machungwa saba"

Hesabu hiyo hulinganisha gramu 100 za majani mabichi na gramu 100 za chungwa. Wewe unakula kijiko cha chai cha unga, gramu mbili au tatu, na vitamini C hupungua sana jani likikaushwa. Kinachobaki kizuri ni protini, madini ya chuma na kiini cha vitamini A, ambacho nacho jua kali hukiharibu. Utieni kwenye mlenda, ugali ushuke vizuri. Kwa vitamini C, ubuyu upo.

Mbegu za mlonge zilizotwangwa kweli hutuliza tope kwenye maji ya lambo. Maji yakishakuwa meupe, bado yachemshwe. Na chumvi ya kisima haitoki kwa mlonge.

Mchaichai uliopandwa mlangoni haufukuzi mbu. Chandarua.

"Haya yote ni ushirikina"

Wapo pia wanaopita wakicheka, mara nyingi vijana wenye vyeti. Nao wamekosea. Tiba asili ina Sheria yake ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili waganga na dawa, na Muhimbili kuna taasisi inayoichunguza tangu 1974. Choya ya rosella, ambayo inalimwa sana huku, imepimwa kwa watu na kuonekana kushusha presha kwa kiasi. Kwa kiasi, nasema. Mwenye vidonge vya presha asiviache, na amwambie daktari kwamba anakunywa choya kila siku. Vivyo hivyo mwenye kisukari anayetumia mlonge, kwa sababu mlonge na dawa za kisukari kwa pamoja vinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Wengi huficha wakiogopa kugombezwa. Bora ugombezwe.

Siku hizi kila kitalu kina kibao: jina la mmea, sehemu inayotumika, na nani asiutumie. Kwenye kitalu cha alovera tumeandika pia "si ya macho", kwa rangi nyekundu.

Tunaanza saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza. Ukija, njoo na kidumu cha maji, maana bomba letu hutoa maji siku linapotaka.