Gramu si mbio
Kwa miaka mingi wapenzi wa baiskeli za mbio wameaminishana kwamba wepesi ndiyo kasi, basi mwenye bajeti ndogo hujinyima ili pesa yote iishie kwenye fremu ya kaboni. Hebu tupige hesabu. Mwendeshaji wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 10 ni kilo 80. Ukipunguza kilo moja, mlima mkali wa nusu saa utakupa nafuu ya sekunde 20 hivi. Kwenye tambarare hutaona kitu, maana huko adui ni upepo, na unaopigwa nao zaidi ni mwili wako, si fremu. Hata UCI, shirikisho la mchezo huu, haliruhusu baiskeli ya barabarani chini ya kilo 6.8.

Mimi ningechukua fremu ya alumini ya mtumba isiyo na ufa (kagua maungio, hasa karibu na pedeli), kisha chenji niiweke kwenye tairi. Minya ubavu wa tairi la bei ya chee: mara nyingi ni mgumu kama soli ya kandambili. Tairi laini lenye upana wa milimita 28, lisilojazwa upepo likawa jiwe, humeza vikokoto badala ya kukurusha. Pima tu kama litapita kwenye uma (mikono miwili inayoshika gurudumu la mbele) na breki.